Mgawanyo wa Diski Kumi na Mbili

Imants, umeniuliza kwa nini nachora
ilhali ningeweza kuzirundika zote kumi na mbili,
nikaziita kitu kimoja, nikaenda nyumbani kabla ya theluji.
Umesema: nafasi ni nafasi.
Wewe mhasibu. Kwako sifuri zote zina sura moja.

Keti. Sogeza hiyo birika.
Karatasi hii ya miraba nimeichana kwenye daftari la binti yangu;
mgongoni ina hesabu zake za kugawanya, mbili amekosa.

Diski mbili za kwanza zibebe mfumo wenyewe, sina neno nazo.
Mbili hizi, pembeni, ni daftari la miamala.
Kila mfuko wa damu unaoingia Daugavpils,
kila unaotoka kwenda chumba cha upasuaji,
huandikwa hapa kwanza, mstari chini ya mstari,
kabla haujaaminiwa kokote.
Mwandishi huyu haruki ukurasa, hageuki nyuma.
Anataka meza yake peke yake.
Ukimketisha na wasomaji,
huyu anadai kundi O, yule anadai tarehe,
mkono wake utarushwarushwa huku na huko
na foleni itafika mlangoni.

Wasomaji nawapa sita. Jozi tatu, kila diski na pacha wake.
Ndiyo, napoteza nusu.
Akiba haiozi, husemwa.
Diski huoza.

Mama yangu, kule Krāslava, alikuwa na ghala chini ya nyumba:
matango ya siki, uyoga, jamu nyeusi ya vichakani,
mitungi yote juu ya ubao mmoja
kwa kuwa ubao ulikuwa mpana na ulipendeza.
Usiku mmoja wa Januari tulisikia.
Tulikula viazi na chumvi hadi Aprili.
Njaa siikumbuki. Nakumbuka harufu ya siki,
na mama ameketi kwenye ngazi, ufagio mkononi, hafagii.

Haya, hii moja ni ya vurugu:
majumlisho yaliyofika nusu njia, orodha zinazopangwa na kupanguliwa.
Ikifa, hatuweki matanga.

Na sasa maboksi yako.
Umenunua kwa bei nzuri, hongera,
lakini soma namba: 4471, 4472, 4473,
zinafuatana kama watoto wa shule wakivuka barabara.
Zimezaliwa siku moja, mkono mmoja,
kasoro zilizonyonya ni moja.
Zitakufa wiki moja, Imants, pacha kwa pacha.
Kwa hiyo jana nilikwenda kwa Saveli, karakana ya reli,
nikampa sita zako, akanipa sita zake za kiwanda kingine.
Katika kila jozi, mmoja wetu, mmoja wa Saveli.
Juu yake nilimwongezea mtungi wa uyoga.
Hilo usiliandike popote.

Nakala za usiku? Hapana, hazikai humu.
Nakala inayolala kitanda kimoja na mgonjwa si nakala.
Zitavuka mto hadi Grīva, chini ya gereji ya magari ya wagonjwa;
daraja likiganda lisigande, waya hauvai viatu.

Hakuna atakayetushukuru.
Saa nane za usiku mama fulani atakuwa anavuja damu,
daktari atabofya, jina la mfuko litakuja, basi.
Hatajua kwamba nyuma ya feni, sakafu mbili chini yake,
taa ndogo ya njano imewaka
na pacha mmoja anasoma kwa niaba ya wawili.

Umehesabu, nakuona. Kumi na moja.
Hii ya mwisho haina kazi.
Inangoja mwenzake afe; hiyo ndiyo ajira yake,
na nataka uilipie kama zile nyingine.

Saini hapo chini.
Hapana, geuza. Huko ni kwa binti yangu.
Unaona alipokosea?
Kugawanya anajua.
Alisahau baki.